Kiasi Juu, Asili Chini: Utangulizi kwa Anayeanza Upelelezi wa Magonjwa

Panda kifodi cha asubuhi kinachotoka Njiro kwenda mjini, siku ambayo konda ana maneno mengi na abiria wanacheka, kisha tazama meno. Huyu yake ni meupe. Yule yana mistari ya kahawia. Wa kiti cha nyuma yameiva kahawia tupu, kama kikombe cha bati kilicholala na chai. Mwenyeji wa Arusha hahitaji kuuliza: wa mwisho huyu amekulia chini ya Mlima Meru, akinywa tangu utotoni maji yenye floridi nyingi. Rangi ile huingia jino likiwa bado linajijenga ndani ya ufizi. Ukihamia Njiro ukiwa na miaka thelathini, unaweza kunywa maji hayohayo mpaka uzeeni na meno yako ya mbele yasipate mistari ile. Kwa hiyo kinywa cha abiria kimekwambia mambo matatu kwa mpigo: ni nani, alikuwa wapi, na alikuwa huko lini.

Nani, wapi, lini. Hayo ndiyo maswali matatu ya kwanza ya fani ninayokukaribisha, na utayaulizia kila kitu, kuanzia meno hadi Marburg. Lakini usikimbilie jibu. Kwenye njia ya kwenda Moshi kuna mji unaoitwa Maji ya Chai, kwa rangi ya mto wake, na nimewasikia watu wazima kabisa wakieleza kwamba rangi ya mto ndiyo inayopaka meno. Floridi haina rangi. Mto mweusi na meno ya kahawia ni majirani tu, hawana undugu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa meno hapa nchini walikutana na kitendawili kingine: vijiji ambavyo maji yake yalikuwa na floridi kidogo, lakini watoto wana mistari ileile. Jibu lilikuwa jikoni, kwenye magadi yanayotiwa katika maharage na makande ili yaive upesi. Aliyepima maji peke yake angerudi mjini na ripoti safi na jibu la uongo.

Fani hii inaitwa epidemiolojia, neno la Kigiriki lililochoka safarini. Pale inapofanywa nje ya maabara na nje ya hospitali, kwenye vumbi, wenyewe huiita epidemiolojia ya uwandani. Mimi hupenda kuiita upelelezi wa magonjwa, ingawa mwenzangu mmoja hulalamika kwamba neno upelelezi linawatisha wanakijiji, na hakosei: ukifika kwenye boma ukasema wewe ni mpelelezi, utapewa kigoda na hutapewa neno. Anza na salamu. Kwa Waarusha mwite mama wa makamo yeyo, msalimie takwenya, msubiri aitikie iko, na daftari libaki mkobani kwanza.

Watu wetu hawakungoja fani iwe na jina ndipo wayaone magonjwa. Homa iliyozuka kwenye uwanda wa Wamakonde mwaka 1952 ilipata jina lake kutoka kwa wagonjwa wenyewe: chikungunya, kile kinachokunja, kwa jinsi viungo vinavyopindwa na maumivu. Leo neno hilo la Newala linatamkwa katika maabara za dunia nzima. Homa ya dengi tunayo tangu zamani kwa jina la kidingapopo. Na mwaka 2022 watu wa Ruangwa, mkoani Lindi, walipougua homa, kichwa, uchovu na kutoka damu puani, timu ilikwenda, sampuli zikapimwa, ikaonekana ni leptospirosi. Lakini wizara ilipotangaza ikaiita homa ya mgunda, na kila mtu akaelewa kwamba ni ugonjwa unaomkuta mtu mashambani. Wagonjwa walikuwa 20, vifo 3.

Sasa tazama namba hizo mbili kwa jicho la darasa la nne. Mwalimu alikufundisha kwamba sehemu ina namba mbili: ya juu inaitwa kiasi, ya chini inaitwa asili. Ukiniuliza fani hii yote ni nini, nitakujibu kwamba ni ukaidi wa kudai asili. Mtaani kila mtu ana kiasi. "Wamekufa watatu!" "Wanaharisha kumi kwetu!" Kiasi huja kwa pikipiki, kwa simu, kwa kelele. Asili haiji, inafuatwa kwa miguu. Watatu kati ya wangapi? Kumi katika kitongoji cha watu hamsini au cha elfu tano?

Kuna kisa kimoja cha zamani ambacho wageni hukipenda kwa kichekesho chake, nami nakipenda kwa hesabu yake. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka na kushindwa kuacha. Kicheko na kilio vikaambukizana mpaka shule ikafungwa mwezi Machi, na wasichana waliporudi makwao, kikaibuka huko nako. Madaktari wawili, Rankin na Philip, waliandika habari hiyo mwaka uliofuata. Wangeweza kuandika kwamba wasichana wengi walicheka. Waliandika kwamba ni 95 kati ya 159. Walichunguza kama kuna sumu kwenye chakula, wakatafuta kidudu, hawakupata, wakafikia kwamba ni mshtuko wa jamii unaopita kutoka mtu hadi mtu. Kisa hicho kimegeuzwa porojo duniani kote, eti Tanganyika nzima ilicheka mwaka mzima. Lakini kwa sababu ya ile 159, mtu yeyote leo anaweza kukifungua na kukikagua.

Tufanye zoezi moja hapahapa, ninalowapa wageni siku ya kwanza. Namba ni za darasani, nimezitunga. Kuna sherehe ya kipaimara Njiro, wageni 120. Usiku ule na kesho yake, 40 wanatapika au kuharisha. Mwenye nyumba anamlaumu mpishi wa pilau, na ana hoja: kati ya wagonjwa 40, pilau wamekula 37. Nani atamtetea mpishi? Wewe, kama umekwenda kuwauliza na wazima. Waliokula pilau ni 110, wakaugua 37, yaani kama asilimia 34. Wasioila ni 10, wakaugua 3, asilimia 30. Karibu sawasawa. Pilau imeliwa na wagonjwa wengi kwa sababu imeliwa na watu wengi, basi. Sasa ile saladi ya kabichi iliyochanganywa mapema na kukaa juani: walioila ni 80, wakaugua 36, asilimia 45. Wasioila ni 40, wakaugua 4, asilimia 10. Hapo pana tofauti ya mara nne na nusu, na mpishi wa pilau anaweza kulala.

Angalia umefanya nini. Hujapima chakula, hujamtoboa mtu sindano. Umewauliza watu 120 maswali yaleyale kwa namna ileile, pamoja na wale 80 wasio na shida yoyote, ambao wamekushangaa: mimi si mgonjwa, unaniandika wa nini? Wanafunzi wengi hushindwa hapo. Wauguzi na matabibu wamefunzwa kumkimbilia anayeumwa, na ni vizuri. Ila mpelelezi asiyekaa na wazima hatajua kilichowaponza wagonjwa. Kabla ya yote itakubidi pia ukate shauri nani ahesabiwe mgonjwa. Aliyetapika mara moja kwa sababu ya bia yumo? Mnaandika fasili ya mgonjwa, mistari miwili au mitatu, na mnaishika hiyohiyo hadi mwisho, hata inapowauma.

Vitabu vingi vitakwambia fani ilianzia London na pampu ya maji ya kipindupindu ya mwaka 1854. Sina ugomvi na pampu hiyo, lakini sisi tuna kisa chetu. Daktari Mskoti James Christie alikuwa Unguja kipindupindu kilipoingia mwaka 1869 na kuua watu kwa wingi wa kutisha. Meli hazikuwa zimekileta. Christie akaanza kuuliza: wafanyabiashara wa pembe, wapagazi, watu waliokuwa wametoka bara. Kwa maneno yao akaunganisha safari ya ugonjwa nchi kavu, ukipita Umasai pamoja na misafara mpaka Pangani, na kutoka Pangani kuvuka bahari. Kitabu chake kilitoka London mwaka 1876. Jina lililo juu ya jalada ni lake. Ramani iliyo ndani ilichorwa kwa vichwa vya Waswahili na Wamasai ambao majina yao mengi hatunayo. Nakwambia hili mapema kwa sababu utakuwa Christie mara nyingi, na siku nyingine utakuwa mpagazi.

Mafunzo rasmi yalianza baadaye sana, kwa hofu ya vita. Mwaka 1951, Marekani ikiwa vitani Korea na kuogopa silaha za vijidudu, Alexander Langmuir alianzisha kikosi cha vijana waliofundishwa kwa kutumwa. Nembo yao ni soli ya kiatu iliyotoboka katikati. (Kwetu, kwa wanaovaa makobazi ya tairi, nembo hiyo ingehitaji maelezo: barabara hutoboka kabla ya tairi.) Wazo lilikuwa rahisi na bado ndilo: huwezi kufundisha kazi hii kwa ubao. Kanada wakaiga mwaka 1975, Thailand mwaka 1980. Zimbabwe na Uganda zikaanza miaka ya 1990, kwa mpango ulioitwa shule za afya ya jamii zisizo na kuta, jina ninalolipenda kuliko yote yaliyofuata. Kenya ikaanza mwaka 2004 na kuweka watu wa maabara darasa moja na wapelelezi. Sisi tulianza mwaka 2008, wizara ya afya ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Muhimbili na wenzao wa nje.

Programu hizi zilipokuwa nyingi zikaunganishwa. TEPHINET, mtandao wa dunia, uliundwa mwaka 1997. AFENET, wa Afrika, ulianzishwa mwaka 2005 na Ghana, Kenya, Uganda na Zimbabwe, makao yake yakiwa Kampala. Majina ya herufi kubwa yatakuchosha, na utakutana nayo kila ukurasa. Yakumbuke kwa kazi moja tu wanayoifanya kwa dhati: kuhakikisha mhitimu wa Dodoma na mhitimu wa Kitui wanaandika fasili ya mgonjwa kwa namna ambayo kila mmoja anaweza kuisoma ya mwenzake.

Mafunzo yenyewe yana ngazi tatu. Ya chini huchukua kama miezi mitatu, na mwanafunzi haachi kituo chake: anakaa darasani siku chache, anarudi kazini na kazi ya kufanya, anaitwa tena aeleze alichokiona. Ya kati hukaribia mwaka. Ya juu ni miaka miwili, ina shahada, na sehemu kubwa ya miaka hiyo, kama robo tatu, haipo chuoni. Mtu wa ngazi ya chini ndiye ninayemwandikia zaidi: mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wilayani, ofisa mifugo wa kata, mtaalamu wa maabara wa kituo cha afya. Shahada ni nzuri, lakini ugonjwa huanza kwa mtu wa ngazi ya kata, siyo kwa mwenye shahada.

Kazi ya kwanza atakayopewa haina mvuto wowote. Ataambiwa achukue kitabu cha MTUHA, kile namba 5 cha wagonjwa wa nje, akae nacho. Utakijua kwa pembe zilizosokotwa na alama za vidole. Mistari inakwenda mpaka ukingoni, kalamu imebadilika katikati ya ukurasa kwa sababu wino uliisha au zamu iliisha. Mahali pa kuandika makazi pameandikwa jina la kata tu. Mahali pa umri pana "mtu mzima". Mwanafunzi anahesabu wagonjwa wa kuhara wa wiki nne, anaweka kando ripoti iliyotumwa wilayani kwa wiki hizohizo, analinganisha. Namba hazifanani. Hazifanani karibu mara zote. Anatakiwa aeleze kwa nini, bila kumtukana mtu yeyote, mbele ya mganga mfawidhi aliyeijaza ripoti hiyo saa nne usiku baada ya kuzalisha. Ukiweza hilo, mengine utayaweza.

Nami nilivurunda. Orodha ya wagonjwa ya kwanza niliyowahi kuandaa, ya mlipuko wa kuhara katika kata moja ya mbali, niliiwasilisha nikiwa na kiburi, safu zimenyooka. Msimamizi wangu akaisoma kimya, akaweka kidole kwenye mistari mitatu. Mtoto yuleyule alikuwa amelala pale mara tatu: zahanati walimwandika kwa jina la baba, kituo cha afya kwa jina la mama, na mhudumu wa afya ya jamii kwa jina la utani la nyumbani. Umri uleule, kitongoji kilekile, siku zinafuatana. Hakukuwa na kosa la zahanati wala la mhudumu. Mimi ndiye niliyekuwa na karatasi zote tatu mkononi na sikuzisoma pamoja. "Kijana," akaniambia, "umeongeza wagonjwa kwa kalamu." Tulirudi nyumba kwa nyumba kesho yake.

Nikuonyeshe sasa faida ya mtandao kwa kisa cha mahindi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui, watu walianza kuwa na macho ya njano na kufa kwa ini. Waliougua walifika 317, wakafa 125. Wapelelezi waliwachukua wagonjwa 40 na kuwalinganisha na watu 80 wasiougua. Wote wanakula mahindi. Ni ileile pilau ya kipaimara. Tofauti ilikuwa kwenye mahali na hali ya mahindi: wagonjwa waliyahifadhi yakiwa mabichi, ndani ya nyumba wanamolala badala ya ghalani, na mahindi yao yalikuwa na sumukuvu nyingi kupita ya wenzao. Kwa nini ndani ya nyumba? Njaa ilikuwa imebisha hodi, na mahindi ya ghalani huibwa. Ukiisoma ripoti ya kitabibu utaona ini. Ukimwuliza mama mwenye nyumba utasikia habari za mwizi.

Miaka 12 baadaye, katikati ya mwaka 2016, ugonjwa usiojulikana ukazuka Dodoma na Manyara: njano machoni, kutapika, tumbo kuvimba. Wagonjwa 68, vifo 20. Kijijini ulipita uvumi wa kila aina. Waliotumwa kuchunguza hawakuanza kutoka sifuri, kwa sababu Makueni ilikuwa imeandikwa, ikiwa na kiasi chake na asili yake. Ilikuwa sumukuvu tena, kwenye mahindi ya nyumbani.

Ugonjwa wa mifugo nao una shule yake, na hapa Njiro ni mahali pazuri pa kuisoma. Kwenye barabara hii ya Njiro, eneo la Oloirien, yapo makao ya Jumuiya ya Afya ya nchi za Afrika Mashariki, Kati na Kusini, iliyozaliwa mwaka 1974 chini ya Jumuiya ya Madola na leo ina nchi tisa. Kutoka hapo uliratibiwa mradi wa mtandao wa maabara za afya wa Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2010 kwa fedha za Benki ya Dunia, na ndani yake kulikuwa na kamati za pamoja za wilaya za mipakani. Mjini, Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2000 ina mtandao wake wa kufuatilia magonjwa. Nimekaa katika kumbi hizi vya kutosha. Chai ni nzuri, vikao ni virefu, na mengi yanayosemwa yangetosha kwa nusu saa. Lakini kuna jambo hutokea wakati wa chai, na ndilo linalolipa gharama yote. Daktari wa mifugo wa Longido anabadilishana namba ya simu na mwenzake wa Kajiado, ng'ambo ya mpaka.

Thamani ya namba hiyo utaijua ukisoma habari za homa ya Bonde la Ufa. Kirusi chake kiligunduliwa karibu na Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 1930, kwenye kondoo. Desemba 2006, baada ya mvua kubwa, homa ikazuka Garissa. Mapema 2007 ikawa imeshafika Ngorongoro, na baadaye Dodoma ndiyo ikaumia kuliko mikoa yote. Ng'ombe na kondoo wanatupa mimba kabla watu hawajaanza kutokwa damu. Mfugaji ameona. Ofisa mifugo ameambiwa. Mganga hana habari, kwa sababu fomu ya mifugo inakwenda wizara moja na fomu ya watu wizara nyingine. Mwishoni mwa 2016 huko Selela, Monduli, kimeta kiliwapata watu, mifugo na wanyamapori kwa pamoja. Hapo hakuna wizara moja ambayo ingeweza kusema ugonjwa ni wake.

Juni 2019 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliamua kuigiza. Kwa siku nne, tarehe 11 hadi 14, Namanga iligeuzwa jukwaa la mlipuko wa kubuni wa homa hiyohiyo ya Bonde la Ufa, pande zote mbili za mpaka wa Tanzania na Kenya. Watu wa forodha, wa uhamiaji, wa afya, wa mifugo, mamia yao, walijaribu kufanya kwa mchezo kile ambacho siku moja watafanya kwa machozi. Ukiijua Namanga utaelewa kwa nini palichaguliwa. Magari hupanga foleni kwenye kituo cha pamoja na kugongewa mihuri. Ng'ombe wanapita pembeni, nyuma ya kituo, wakifuata majani bila kuuliza nani ana kitambulisho cha nchi gani. Mganga wa upande mmoja akihesabu wagonjwa kumi anaweza kuona mlipuko mdogo. Kumi wengine wako ng'ambo, mita mia nne tu. Kiasi kimegawanywa na mpaka, na asili pia.

Siku hizi kuna kipimo kinachoitwa saba-moja-saba: siku 7 kuutambua mlipuko, siku 1 kutoa taarifa, siku 7 kuanza kuudhibiti ipasavyo. Hiyo siku moja ya katikati ndiyo ngumu, na ugumu wake hauko kwenye mtandao wa simu. Tarehe 16 Machi 2020 waziri wa afya alitangaza mgonjwa wa kwanza wa UVIKO nchini, hapa Arusha, msafiri aliyetua uwanja wa ndege wa KIA akitokea Ubelgiji. Taarifa zikatoka kwa wiki sita hivi, zikafika wagonjwa 509 na vifo 21, zikasimama hapo mwaka mzima na zaidi. Sihubiri siasa, namweleza mwanafunzi kwamba fani yake ina mahali ambapo hesabu inakoma na uamuzi wa wakubwa unaanza, na ni vema alijue hilo kabla halijamkuta.

Kagera imetupa sura mbili. Machi 2023 homa ya Marburg ilithibitishwa Bukoba Vijijini: wagonjwa 9, vifo 6, na tarehe 2 Juni ikatangazwa imekwisha. Watu waliotangamana na wagonjwa walifuatiliwa kila siku kwa siku 21, na waliofanya kazi hiyo ya kubisha hodi walikuwamo wanafunzi na wahitimu wa mafunzo ninayokueleza. Januari 2025 ikarudi, safari hii Biharamulo. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa za kushuku. Serikali ikasema sampuli zilizopimwa hazikuonyesha kirusi. Kisha tarehe 20, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa na mkuu wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akatangaza kwamba imethibitishwa. Mwishowe wagonjwa walihesabiwa 10, na wote 10 walikufa. Kiasi kikilingana na asili, mara nyingi maana yake ni kwamba tumechelewa kuwaona waliopona, au hawakuwapo kabisa.

Na siku ileile, tarehe 20 Januari 2025, jijini Washington ilitiwa saini amri ya Marekani kujitoa katika Shirika la Afya Duniani, na misaada yake ya nje ikasimamishwa kwa mapitio. Mafunzo yetu yamejengwa kwa sehemu kubwa na fedha na walimu wa kutoka huko. Sina haya kulisema: tulijengewa nyumba tukaingia, na hatukuuliza sana kodi italipwa na nani. Mwanafunzi wa leo anaingia fani ikiwa inajifunza kujilisha. Huenda semina za hotelini zikapungua, sitazililia zote. Usimamizi wa uwandani, yule mzee anayeweka kidole kwenye mistari yako mitatu, huo ukikatika hakuna kitabu kitakachouziba, na hauhitaji fedha nyingi. Unahitaji mafuta ya pikipiki na mtu aliyeachiwa muda.

Sura zinazofuata zitakufundisha kuchora mchoro wa mlipuko, kuchagua wa kulinganishwa nao, kufunga sampuli isivuje njiani, na kuandika ripoti ambayo mkurugenzi ataisoma ukurasa wa kwanza tu. Kabla hujafungua ya kwanza, nina kazi moja kwako. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa wako, msalimie, umwombe daftari la wakazi. Halafu pita mwenyewe nyumba kumi zinazokuzunguka, uhesabu wanaolala humo, pamoja na dada wa kazi, mlinzi, na yule mpangaji aliyehamia juzi. Linganisha. Tukikutana nitakuuliza mtaa wako una watu wangapi, na nitataka namba zote mbili.